Maandiko 41, pesa ya miradi tisa: nani amewahi kusimamia fungu la utafiti wa jeshi?

karani_wa_kamati

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni mhandisi wa mawasiliano. Mpaka mwezi uliopita kazi yangu ilikuwa redio na antena, na nilikuwa naipenda. Sasa nimehamishiwa makao makuu na kufanywa katibu wa kamati inayogawa fedha za utafiti wa sayansi na teknolojia ya kijeshi. Jeshi gani, msiniulize, na mimi sitawauliza ninyi.

Mezani kwangu kuna maandiko 41 ya kuomba fedha za utafiti. Fedha iliyopo, kwa bajeti walizoandika waombaji wenyewe, inatosha miradi tisa, labda kumi tukijibana. Kumi na manne ni ya droni. Yapo ya vitambaa vya sare, ya rada ndogo, ya kusafisha maji ya kikosi, ya kugundua mabomu ya ardhini. Lipo moja la hisabati tupu ambalo nimelisoma mara tatu na bado sijui linahusu nini. Na lipo la kanali mmoja, linaingia mwaka wa sita, linaomba "awamu ya mwisho" kwa mara ya tatu.

Mwenyekiti anaona tumpe kila mmoja kidogo ili pasiwe na manung'uniko. Mjumbe mwingine anataka tuchukue miradi mitatu mikubwa na mingine tuiache. Mimi kura sina, ila ndiye ninayeandaa jedwali la kulinganisha, na nimeshagundua kwamba anayechora safu za jedwali ameshaamua nusu ya mambo kabla kikao hakijaanza.

Sasa naomba msaada. Mnapimaje kitu ambacho bado hakipo? Mtu wa hisabati na mtu wa droni mnawapimaje kwa mizani moja? Na fedha inayotolewa mwaka kwa mwaka mnaifanyaje ihudumie kazi ya miaka mitano? Miongozo nimeisoma, imejaa "ubunifu" na "mageuzi" mpaka inachosha. Namtafuta mtu aliyewahi kuzishika karatasi zenyewe.

fundi_masafa

Mkuu, pole kwa cheo.

Mimi niko upande wa wanaopokea. Katika utumishi wangu nimeletewa vifaa vinne vya "utafiti wetu wenyewe". Kimoja kilifanya kazi, na hicho kilikuwa ni kifuko cha kuzuia maji kisiingie kwenye simu ya upepo. Ushauri wangu ni mfupi: nunueni kilichopo sokoni, fedha ya utafiti itumike kukifanya kivumilie vumbi, mvua na askari wa miaka 19 ambaye hajalala siku mbili. Hiyo ndiyo teknolojia. Mengine ni vyuo vinatafuta pa kupatia vifaa vya maabara.

Droni 14? Chagua mbili, wale 12 waambie wakaungane nao.

MzeeLeja

Karani mwanangu, marahaba.

Mimi si mwanasayansi, nilikuwa mhasibu. Miaka 19 nimekaa ofisi ya fedha ya kurugenzi ya utafiti. Vocha zote zilipita kwangu, za bodi za saketi, za posho, za chakula cha panya wa maabara. Nimestaafu na macho mabovu na kumbukumbu nzuri. Nitakayokwambia ni yale yanayoonekana kutoka dirisha la malipo, na kwenye dirisha lile huoni mwanzo wa miradi tu, unaona na inapoishia.

Nianze na betri, maana ndiyo iliyonifundisha kazi.

Kulikuwa na timu iliyotengeneza betri ya redio ya mgongoni. Nyepesi, na ilikaa na chaji karibu mara mbili ya ile ya zamani. Miaka mitatu ya kazi, kila robo mwaka ripoti inakuja kwa wakati, kila senti ina risiti. Siku ya maonyesho majenerali walipiga makofi, mmoja akaivaa mgongoni na kuzunguka nayo uwanja mzima. Zilikuwa zimetengenezwa 12. Mradi ukafungwa kwa heshima zote.

Ikabaki kutengeneza nyingine mia mbili ili kikosi kimoja kizitumie kweli. Mkuu wa timu akaja dirishani na hati yake. Nikamwambia kasma ya utafiti, yaani kifungu chake cha bajeti, hailipii uzalishaji, kanuni inakataza, na hoja ya ukaguzi itaniangukia mimi. Akaenda kwa watu wa manunuzi. Wakamwambia hawawezi kununua kitu kisicho na namba ya bohari, kisicho na vipimo vilivyoidhinishwa, wala mtengenezaji wa kutoa dhamana. Akaenda kikosini. Wakamwambia redio zao zina mkataba wa matengenezo, na mkataba unavunjika ukichomeka betri isiyo ya kiwanda kile. Halafu sajini mmoja akamwambia, samahani afande, plagi yako ina pini tano, redio zetu zina matundu sita.

Miaka mitatu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza yule sajini kuhusu pini.

Zile 12 zikaletwa bohari kuu, zikafunikwa turubai. Kila mwisho wa mwaka wa fedha tunahesabu mali, na karatasi ya rafu zile ilikuwa yangu. Nikaandika "betri, 12, nzuri". Mwaka uliofuata, "betri, 12, nzuri". Nimezihesabu mara sita. Mara ya sita zilikuwa zimevimba, nikaandika "za kuteketezwa".

Hapo hakuna aliyeiba, na mtafiti alifanya kazi yake vizuri kuliko wengi niliowalipa. Lilikosekana fungu la katikati, la kumtoa kwenye makofi mpaka kwenye bohari yenye namba.

Usidhani ni umaskini. Wamarekani bajeti yao ya utafiti wa ulinzi wanaigawa kwa namba. 6.1 ni utafiti wa msingi, 6.2 ni utafiti tumizi, 6.3 ni kuiendeleza teknolojia mpaka ionyeshwe ikifanya kazi. Hizo tatu ndizo wanaziita sayansi na teknolojia. Kuanzia 6.4 ni mfuko mwingine, wenye mabosi wengine na haraka nyingine. Pale kati ya 6.3 na 6.4 ndipo miradi mingi inapofia, na wao wenyewe wamepaita bonde la mauti. Na wale wana pesa.

Utasikia pia habari za ngazi za ukomavu wa teknolojia. Mpango huo ulianzia NASA, shirika la anga la Marekani, miaka ya 1970, na leo ngazi ni tisa. Ya kwanza ni kanuni iliyo kwenye karatasi, ya tisa ni kifaa kilichokwisha kufanya kazi yake mahali pake halisi. Betri yetu ilikuwa ya sita. Ngazi ya sita ndiyo ya makofi. Kifaa kinapendeza, kinafanya kazi mbele ya wageni, na bado hakijalala nje usiku hata mmoja na askari ambaye hakukitengeneza.

Sasa njoo kwenye jedwali lako. Safu ya kwanza kabisa, kabla hata ya jina la mradi, andika: nani atakipokea, na atakilipia kwa kasma ipi. Usikubali "jeshi la nchi kavu". Huyo si mtu. Taka cheo, kikosi, saini na namba ya simu. Halafu mpigie wewe mwenyewe, usimtume mleta andiko.

Safu zinazofuata zichukue kwa George Heilmeier, aliyeongoza DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani, kuanzia 1975 hadi 1977. Huyo hakuwa mtu wa vocha kama mimi, ni miongoni mwa waliotuletea skrini za fuwele kioevu (LCD). Kila mwenye mradi alitakiwa kujibu maswali yake. Unataka kufanya nini, ukisema bila istilahi hata moja? Leo linafanywaje, na limekwama wapi? Njia yako ina jipya gani? Ukifaulu, nani atajali? Hatari ni zipi, gharama kiasi gani, muda gani, na mtihani wa katikati na wa mwisho ni upi? Hilo la mtihani wa katikati ndilo waombaji hulikwepa. Wataandika "warsha ya wadau". Mrudishie.

Kuhusu fedha ya mwaka kwa kazi ya miaka mitano, dawa kamili sijaiona. Niliyoyaona ni haya: miezi minane ya mwanzo hakuna kinacholipwa kwa sababu zabuni hazijaiva, na miezi ya mwisho kila mtu ananunua kwa pupa asije akarudisha bakaa hazina. Nimewahi kulipia kichanganuzi cha masafa wiki ya mwisho ya mwaka wa fedha. Kilipofika, mtafiti aliyekiomba alikuwa amehamishiwa mpakani, na aliyerithi ofisi yake alikuwa daktari wa meno. Sitanii. Alikipenda sana, alikiwekea kitambaa.

Basi mkataba uandike wa miaka yote, fedha iachiwe kwa hatua, hatua ifuate mtihani na si tarehe. Manunuzi mazito yaanze robo ya kwanza. Na kwenye barua ya mradi iandikwe kwamba mtafiti mkuu hahamishwi bila kukabidhi kwa mtu anayeijua kazi. Utacheka, lakini uhamisho umeniulia miradi mingi kuliko uhaba wa pesa. DARPA wasimamizi wa programu nao hukaa muda mfupi, kama miaka mitatu hadi mitano, ila wao siku ya kuondoka wanaijua tangu siku ya kuingia, kwa hiyo mtu anakimbizana na saa yake. Uhamisho wa jeshini huja kama radi.

Mwambie mwenyekiti wako, kwa adabu, kwamba akiwapa wote 41 kidogo atakuwa amewaajiri watu 41 waandike ripoti. Hela hizo zitaishia kwenye kompyuta mpakato na safari.

fundi_masafa

Mzee, hiyo ya pini sita imenichoma. Nadhani yule sajini namjua, na kama si yeye basi wako wengi.

BiMaabara

Shikamoo Mzee Leja. Nimekusoma kwa heshima, lakini safu yako ya kwanza inanitisha.

Mimi ni mwanafizikia, nimekaa upande wa pili wa dirisha lako. Ukitaka kila andiko liwe na afisa wa kusaini kwamba atakipokea kifaa, lile la hisabati limekufa leo. Na si lile peke yake.

Oktoba 1957 Sputnik, satelaiti ya kwanza ya Wasovieti, iliporuka, vijana wawili wa maabara ya fizikia tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, Guier na Weiffenbach, waliamua kusikiliza mlio wake. Hakuna aliyewatuma. Wakaona masafa yanapanda na kushuka kadiri inavyokaribia na kwenda zake, wakatumia badiliko hilo kupiga hesabu ya njia yake angani. Mwaka uliofuata mkuu wao, Frank McClure, akawageuzia swali: kama mnajua mlipo mnaweza kujua satelaiti ilipo, je, mkijua satelaiti ilipo mnaweza kujua mlipo ninyi? Jeshi la majini la Marekani lilikuwa linatengeneza nyambizi za makombora ya Polaris, na zingehitaji jibu hilohilo. Ukazaliwa Transit, mfumo wa satelaiti wa kujua mahali ulipo, na GPS ikaja baadaye katika ukoo huohuo. Sasa niambie, Mzee, Oktoba 1957 wale vijana wangeandika jina la nani kwenye safu yako?

Watu wa bajeti wana hoja yao, naijua. Miaka ya 1960 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilifanya uchunguzi ulioitwa Hindsight. Walichukua mifumo 20 ya silaha, wakafuatilia nyuma ilitokana na nini, wakapata matukio takriban 700 ya utafiti. Asilimia 91 yalikuwa ya teknolojia, tisa tu ya sayansi, na sayansi iliyofanywa bila shabaha ya kijeshi haikufika hata asilimia moja. Ungedhani kesi imekwisha. Kumbe walikuwa wamerudi nyuma miaka 20 hivi tu. Mwaka 1968 ukatoka uchunguzi mwingine, TRACES, uliodhaminiwa na NSF, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili sayansi, ambao ulirudi nyuma zaidi, ukakuta kwamba utafiti wa msingi ulio nyuma ya vitu walivyovichunguza ulikuwa umepamba moto miaka 20 hadi 30 kabla ya kitu chenyewe kuonekana. Ni mti uleule. Mmoja alichimba mpaka kwenye shina, mwingine akafika kwenye mizizi.

Na bado mwishoni mwa 1969 Bunge lao likapitisha kifungu cha Mansfield, kwamba fedha za ulinzi zisilipie utafiti usio na uhusiano wa moja kwa moja na ulio dhahiri na kazi mahususi ya kijeshi. Mimi nikiwekewa sharti kama hilo najua nitakachofanya. Nitaongeza neno "kijeshi" kila aya na kuendelea na fizikia yangu. Unalazimisha watu waseme uongo kidogo, halafu unashangaa ripoti zinanuka.

Kwako fundi_masafa: kununua ni sawa, lakini asiyeweza kutengeneza hajui hata anauziwa nini. Waingereza walipopeleka magnetroni yao, kidude cha kuzalisha mawimbi ya rada, Marekani mwaka 1940 kupitia ujumbe wa kisayansi wa Tizard, kule kulikuwa na wanafizikia waliokitambua kile kidude mara moja na kuanza kazi. Maabara ya Mionzi ya MIT ilianzishwa mwaka huohuo, na kabla vita haijaisha ilikuwa na watu karibu 4,000. Peleka magnetroni ileile kwa watu wasio na fizikia, wataiweka kwenye kabati la kioo.

luteni_mstaafu

Naongeza kidogo tu. Karani, katika hayo 41 kuna hata moja lisiloomba kifaa?

Nauliza kwa sababu utafiti wa bei rahisi kuliko wote ni ule wa kukaa na takwimu za kikosi. Vita vya Pili, ndege za Uingereza zilizowinda manowari za chini ya maji (nyambizi) zilikuwa zinadondosha mabomu ya kina yaliyotegwa kulipuka futi 100 chini, au zaidi. Wanasayansi wa kundi la mwanafizikia Blackett wakapitia taarifa za mashambulizi, wakaona manowari nyingi hushambuliwa zikiwa juu au ndiyo kwanza zinazama. Zilizokwisha kwenda chini hakuna anayejua zilipo, kwa hiyo bomu la futi 100 linalipuka chini mno kwa manowari iliyo karibu na uso wa maji, na iliyokwisha kuzama linaikosa. Wakashauri litegwe juu zaidi, hatimaye likawa futi 25. Manowari zilizozamishwa ziliongezeka sana. Gharama yake ni penseli na kuzungusha kitasa cha kutegea.

Likiwepo andiko la hivyo, lipe kwanza. Halitakuwepo, maana halina safari ndani yake.

karani_wa_kamati

Wakuu nashukuru, nimeandika kurasa saba.

Luteni, nimepekua tena. Lipo moja, la kuchambua kumbukumbu za ajali za magari ya kikosi. Nilikuwa nimeliweka chini kabisa kwa sababu bajeti yake ni ndogo mno, nikadhani mwombaji hakulichukulia kwa uzito. Nimelipandisha.

Bi Maabara na Mzee Leja, mmeniacha njia panda. Nikimfuata Mzee, hisabati inakufa. Nikimfuata Bi Maabara, kila mtu atasema yeye ni Sputnik.

Na bado hamjanigusia kanali. Mradi wake ni wa chombo cha kuruka cha upelelezi. Miaka sita. Nilikwenda kukiona: ni kizuri, kinapaa, kinarudi, lakini kila ripoti inasema kimebakiza jambo moja, na kila mwaka jambo lenyewe ni jingine. Nikigusia kusimamisha, jibu ni kwamba tumeshatumia fedha nyingi mno kuacha sasa. Halafu faili lake lina muhuri wa siri, hivyo wajumbe wawili wa kutoka chuo hawaruhusiwi hata kulifungua.

MzeeLeja

Bi Maabara marahaba, umenirekebisha na nakubali. Nakubali nusu.

Kosa langu ni kuzungumza kana kwamba fungu ni moja. Karani, ligawe kabla hujasoma andiko hata moja, na magawio hayo yapitishwe na kamati yakiwa hayana majina ya watu. Mimi ningetenga sehemu moja ya kumi kwa watu kama huyo wa hisabati. Hao safu ya kwanza haiwahusu. Wape kidogo kidogo, kwa miaka mingi, na uwapime kwa wenzao wa fani yao, si kwa meja wa ugavi. Nusu ninayoibakiza ni hii: aje akueleze swali lake kwa ukurasa mmoja wewe mhandisi ulielewe. Swali, sikusema jibu. Ukisoma mara tatu hujaelewa, hajafanya kazi yake.

Sehemu mbili za kumi weka kwa ajili ya daraja, yaani kupeleka kifaa kikosini, kukipima kikiwa na watu wasiokipenda, kuandika vipimo, kukitafutia namba ya bohari, kutengeneza hizo mia mbili za mwanzo. Hilo fungu utashawishiwa kulimega kila mwezi kwa sababu mwanzoni mwa mwaka litaonekana limelala. Usilimege. Saba zilizobaki ndizo mgombanie.

Sasa kanali.

Mwanzoni mwa 1935 Waingereza waliulizana kama mawimbi ya redio yanaweza kuwa mionzi ya kuua. Mtaalamu wa redio Watson-Watt akampa msaidizi wake Arnold Wilkins hesabu apige. Hesabu ikasema haiwezekani, ila mawimbi yanayorudi kutoka kwenye ndege yanaweza kunaswa. Wanasayansi wakataka fedha. Aliyekuwa na funguo za utafiti wa jeshi la anga, Dowding, hakukataa wala hakutoa. Akasema hesabu nzuri, nionyesheni. Tarehe 26 Februari wakaegesha gari la mitambo karibu na Daventry, wakatumia mawimbi ya kituo cha BBC kilichokuwepo tayari, ndege ikapita, alama ikaonekana kwenye kioo. Ndipo zikatoka takriban pauni 10,000 za kuanzia. Vita vilipoanza 1939 pwani ilikuwa na mnyororo wa rada.

Angalia alichofanya yule Dowding. Jaribio lilikuwa dogo, la vifaa vya kuazima, na kushindwa kwake kungeonekana siku ileile. Kanali wako hajawahi kupewa siku ya namna hiyo. Kila mwaka anaulizwa amefikia wapi, na kufikia wapi hakuna anayefeli.

Kwa hiyo usipeleke hoja ya kusimamisha. Peleka hoja ya mtihani. Tarehe moja, uwanja mmoja, mambo matatu yaliyoandikwa: kipae kwa upepo wa kiasi hiki, kikae angani saa kadhaa, kirushwe na koplo aliyefundishwa siku tano. Kanali mwenyewe aweke saini kwamba hayo ni ya haki. Na iandikwe leo, kabla ya siku, kitakachotokea kikifaulu na kitakachotokea kikishindwa. Kikifaulu kinakwenda kwenye fungu la daraja, nawe utakuwa wa kwanza kumpongeza. Kikishindwa, watu wake wahamishiwe kwenye zile droni mbili za fundi_masafa. Usiwatawanye. Miaka sita ya kujua kinachoshindikana ni mali.

Hilo la "tumeshatumia nyingi" nimelisikia kila lugha ya kihasibu. Waingereza walikuwa na ndege ya rada, Nimrod ya kuonya mapema, waliifuta Desemba 1986 ikiwa imekula karibu pauni bilioni moja, wakanunua za Wamarekani. Wamarekani nao mwaka 2009 wakaufuta mpango wa Future Combat Systems, wa magari na mitambo mipya ya jeshi lao la nchi kavu, zaidi ya dola bilioni 15 zikiwa zimekwenda, na uliingia kwenye ujenzi teknolojia zake nyingi zikiwa bado mbichi. Kwenye leja, fedha iliyokwisha kulipwa ina safu yake, na safu ile haipigiwi kura.

Kushindwa kwenyewe si aibu kukiwa na bei inayojulikana. DARPA mwaka 2004 waliweka zawadi ya dola milioni moja kwa gari litakalojiendesha kuvuka jangwa la Mojave, njia ya zaidi ya kilomita 220. Yalianza magari 15, lililokwenda mbali zaidi lilifika kama kilomita 12. Hakuna aliyelipwa. Mwaka uliofuata zawadi ikawa milioni mbili, magari matano yakamaliza njia. Ule mwaka wa kwanza zawadi ilibaki kwenye sanduku, na kila mtu alijua hasa nini hakifanyi kazi.

Mwisho, muhuri. Kuna siri ya kweli, nimeilinda miaka 19 na ninailinda hata sasa. Lakini nimeona pia muhuri ukigongwa juu ya ripoti ambayo siri yake pekee ni kwamba kitu hakikuruka. Omba wajumbe wawili wa chuo wapekuliwe na kupewa kibali. Inachukua miezi, kwa hiyo anza kesho. Mpaka hapo, masafa na uwezo wa chombo vibaki na muhuri, ratiba na matumizi vitolewe. Hakuna adui anayeshinda vita kwa kujua kwamba mmechelewa.

BiMaabara

Nusu kwa nusu, Mzee, nimekubali. Ila hiyo sehemu moja ya kumi iwe na ulinzi wa maandishi. Mwaka wa kwanza wa ukame huanza kuliwa yenyewe.

karani_wa_kamati

Nimerudi baada ya wiki mbili.

Mtu wa hisabati amekuja. Swali lake kumbe ni namna ya kujua kwamba ujumbe wa redio umeharibiwa makusudi na si kwa hitilafu. Nimeelewa, na ni mtu wa redio mimi, nimeona aibu kidogo.

Mwenyekiti hakupenda magawio, akakubali baada ya kuona sehemu ya daraja ingesimamiwa na ofisi yake. Kanali ametia saini mtihani. Alibishana tu kuhusu upepo, tukapunguza.

Simu nimepiga. Maandiko 33 yalikuwa na jina la kikosi kitakachopokea. Mpaka jana nimewafikia maafisa 21. Kumi na mmoja hawajawahi kusikia mradi wenyewe. Wanne waliusikia kwenye semina. Sita wanaujua vizuri, na mmoja katika hao sita alinikatisha nikiwa bado najitambulisha, akasema, "Ni ile ya maji? Inaletwa lini? Niliwaambia bomba la kwetu ni la inchi mbili."

MzeeLeja

Hao sita waite. Kila mmoja aje na mtu wake wa bohari.

Huyo wa bomba mpe kiti cha mbele.